Krismasi ya wageni waliohamia Diani: mambo ambayo mtu wa Nairobi hayaoni akishuka kwa siku tatu

Mwalimu wa South B (mwenye uzi)

Salamu kwenu nyote. Nimefundisha Kiswahili kwa wageni hapa Nairobi kwa miaka kumi na mmoja, na katika muda huo wanafunzi wangu wanne wamemaliza kandarasi zao za mjini, wakauza magari na kuhamia Pwani: wawili Diani, mmoja Watamu na mmoja Kilifi. Ndiyo sababu Krismasi nne zilizopita sikuzila kwetu Machakos. Nimezila Diani, nyumbani kwa bibi mmoja Mjerumani, mstaafu, ambaye nilianza kumfundisha wakati alipokuwa bado akichanganya kula na kulala. Kila Novemba ninaulizwa maswali yaleyale kwa simu, na wenzetu wa Nairobi wanaotaka kushuka Pwani pamoja na wageni wanaofikiria kuhamia huko, kwa hiyo nimeona afadhali niyaandike mahali pamoja.

Ninalotaka kulisema ni kwamba sisi wa Nairobi tunadhani mzungu anayeishi ufuoni yuko likizoni mwaka mzima, na Desemba ndiyo kilele cha raha yake. Kwa niliyoyaona, Desemba ndio mwezi unaompima zaidi. Joto huwa kali, ndugu zake wako mbali, wafanyakazi wake wanataka kwenda kwao, na mji aliouzoea ukiwa mtulivu kwa miezi mingi unachukuliwa na sisi tuliotoka bara. Wanaodumu kule ni wale waliokubali kwamba sikukuu yao itaendeshwa na kalenda za watu wengine.

Nianze na joto. Desemba ni msimu wa kaskazi: bahari hutulia, maji huwa safi kiasi kwamba mtu aliyezama hadi kifuani huviona vidole vyake vya miguu, na ule mwani ambao kusi huusukuma ufuoni katikati ya mwaka huwa umekwisha. Kwa mvuvi na kwa mtalii hiyo ni neema. Kwa mtu anayetaka kuadhimisha Majilio kwa desturi ya Ujerumani, ni mtihani. Desturi yenyewe ni shada la majani mabichi lenye mishumaa minne, na kila Jumapili kati ya zile nne zinazotangulia Krismasi huwashwa mshumaa mmoja zaidi. Katika mwaka wake wa kwanza bibi huyu aliliweka shada barazani, na kabla ya Jumapili ya pili kufika mishumaa yote minne ilikuwa imeinamisha vichwa kama abiria waliosinzia katika basi la usiku. Mmoja ulikuwa umelala kabisa juu ya majani. Mpishi wake, mama wa Kidigo kutoka Bongwe, aliitazama kwa muda, kisha akasema, "Mama, mshumaa wa baridi na ukae kwenye baridi." Akaikusanya, akainyoosha kwa viganja, akaifunga kwa leso aliyoiloweka na kuikamua, akaiweka friji upande wa chini, pale panapowekwa mboga. Tangu siku hiyo mishumaa ya Majilio katika nyumba ile hukaa pamoja na mchicha na kunde, hutolewa Jumapili jioni kwa nusu saa, kisha hurudishwa.

Mti nao una hadithi yake. Tawi la mvinje husimamishwa ndani ya sufuria kuukuu iliyojazwa mchanga, na kwa maoni yangu linapendeza kuliko zile saiprasi tunazouziwa kando ya barabara hapa Nairobi. Kosa alilolifanya lilikuwa kutundika biskuti za tangawizi. Usiku sisimizi walizipata, na asubuhi tumbili wawili walikuja kumalizia, mmoja wao akaondoka na nyota ya kileleni. (Msimchanganye tumbili na mbega, yule mweusi mwenye manyoya meupe mabegani, anayekaa juu kwenye miti akila majani yake. Tumbili huingia jikoni.) Cha kuchekesha ni kwamba mti wa Krismasi wa Pwani ulikuwa nje ya ukuta wake muda wote, yaani ule mti wenye mwavuli wa maua mekundu ambao Waswahili huuita mkrismasi kwa sababu huwaka maua majira haya. Nilipomwonyesha aliniuliza kama wamishonari wa Kijerumani ndio walioupanda. Nilimjibu kwamba asili yake ni Bukini, yaani Madagaska, na kwamba mti huo ni mgeni mkaazi kama yeye.

Kwa Mjerumani, Krismasi yenyewe ni usiku wa tarehe 24, wala si mchana wa tarehe 25 kama ilivyo kwa Mwingereza na kwetu. Chakula cha usiku huo katika nyumba nyingi za kwao ni cha kawaida mno, saladi ya viazi na soseji, jambo lililomshangaza sana mpishi, ambaye alikuwa amejiandaa kwa mbuzi. Soseji za ng'ombe ndizo ninazombebea kutoka Nairobi, kwa maana mpishi ni Mwislamu na hagusi nguruwe. Kama kuna nguruwe, bibi mwenyewe hupika nje kwa sufuria yake maalumu, iliyofungwa uzi mwekundu mkononi ili isichanganywe na nyingine. Mkataba huo haukuandikwa mahali popote, lakini sijauona ukivunjwa hata mara moja.

Krismasi yangu ya pili kule, stima zilipotea saa moja na dakika ishirini jioni ya tarehe 24, huku saladi ikiwa mezani na feni zikizunguka polepole mpaka zikasimama. Ujerumani iko nyuma yetu kwa saa mbili wakati wa baridi, kwa hiyo wajukuu wake walikuwa wamepanga kumpigia simu saa mbili na nusu kwa saa zetu. Mpishi akafungua friji, akatoa mishumaa kutoka ndani ya leso, akaiwasha yote minne. Bibi alizungumza na wajukuu kwa simu iliyobaki na chaji kidogo, jasho likimtiririka hadi kwenye kidevu, akiwaonyesha tawi la mvinje ambalo halikuonekana gizani. Mtoto mmoja akauliza kwa nini nyanya yao amelowa. Akamjibu kwa Kijerumani maneno ambayo sikuyaelewa, kisha simu ikazima. Tulikaa kimya kwa muda. Ninaamini kwamba mtu anayetaka kujua maisha ya mgeni mkaazi angeelewa zaidi kwa kuiona dakika ile kuliko kwa kuziangalia picha zote za machweo zinazosambazwa mitandaoni.

Sasa nije kwa wafanyakazi, na hapa ndipo nilipojifunza zaidi. Bibi ana mpishi, askari wa usiku ambaye ni wa Makueni, na mtunza bustani wa Siaya. Mwaka wa kwanza aliwaomba wote wabaki hadi tarehe 26 kwa kuwa alikuwa na wageni, akidhani kwamba malipo maradufu ambayo kanuni za mishahara za Kenya zinamtaka mwajiri ayatoe kwa kazi ya sikukuu, pamoja na kikapu cha unga, sukari na mafuta, vingetosha. Askari akanyamaza siku mbili. Mpishi ndiye aliyelisema: "Hawa wana Krismasi, mimi sina. Waache waende. Mwanangu atalinda lango, na Idd ikifika usiniite." Baadaye niligundua kwamba mji mzima unaendeshwa hivyo. Hotelini, madukani na majumbani, Waislamu hushika zamu za Krismasi na Wakristo hushika zamu za Idd, na kila mmoja hukumbuka vizuri sana ni nani aliye na deni. Mgeni asiyeujua mpangilio huo huvuruga sikukuu mbili kwa mpigo akidhani anatoa amri moja ndogo.

Nitaendelea. Wenye maswali wayalete.

Kijana wa Umoja

Mwalimu, umeandika vizuri, ila ninataka tulizungumzie neno lenyewe. Unawaita wageni wakaazi. Mkenya akihamia Ujerumani anaitwa mhamiaji, na anaweza kukaa miaka ishirini akaendelea kuitwa hivyo, lakini Mjerumani akihamia Diani tunamtafutia jina la heshima. Kiswahili kina neno mlowezi, linalotokana na kulowea, yaani kuhamia mahali na kukaa moja kwa moja. Kwa nini hatulitumii?

Pili, unatusimulia juu ya mishumaa na biskuti, lakini kuna watu waliozaliwa Ukunda ambao wakitaka kufika baharini tarehe 26 hukuta njia zilizokuwepo tangu utotoni zimezibwa na kuta za ploti. Ufuo ni wa umma, nakubali, ila ufuo wa umma usio na njia ya kuufikia unamsaidia nani?

Mwalimu wa South B (mwenye uzi)

Kijana wa Umoja, hoja zako zote mbili nazipokea. Mlowezi ni neno sahihi kabisa kwa maana ya asili, lakini katika historia ya Kenya limeshikamana na wale waliopewa mashamba ya nyanda za juu wakati wa ukoloni, na ukimwita hivyo mstaafu mwenye chumba na baraza ya kukodi utakuwa umemtwika ardhi asiyokuwa nayo. Mhamiaji sina shida nalo. Mpishi humwita "Mama", mwenye duka la nyama humwita "jirani", na vijana wa ufuoni humwita "mamaa" wanapotaka kumuuzia safari ya kwenda Kisite. Kila mmoja ana hesabu yake.

Kuhusu njia za kwenda baharini una haki, na wala sitajaribu kuwatetea waliojenga. Lakini tarehe 26 Desemba mwaka huohuo wa stima, mpishi alitupeleka ufuo wa Kongo, pale mto Mwachema unapoingia baharini karibu na msikiti wa kale, ambako familia za Ukunda huenda wakati wa sikukuu bila kumwomba mtu yeyote ruhusa. Tulikwenda kwa tuktuk tatu, na pilau ilikuwa ndani ya sufuria iliyofunikwa kwa sinia na kufungwa kwa shuka. Watoto walielea kwenye tyubu za magurudumu ya lori. Bibi aliketi juu ya leso kama wengine, akala kwa mkono, na kwa saa nzima hakuna aliyemuuzia kitu. Mtoto mmoja wa jirani alimuuliza binti wa mpishi, "Huyu mtalii wenu atalala hapa?" Binti akamjibu bila kugeuka, "Si mtalii, huyu hununua samaki kwa bei yetu." Nimefundisha lugha kwa muda mrefu, na bado sijapata ufafanuzi wa neno mkaazi ulio bora kuliko huo.

Mzaliwa wa Malindi

Assalaam alaykum na amani kwenu. Mimi ni mzaliwa wa Malindi, sasa ninaishi Eastleigh, na ujanani nilikuwa mhudumu wa mezani katika hoteli moja ya huko. Ningependa kuongezea habari za kwetu, kwa sababu Diani si Pwani yote, na Waitaliano wa Malindi wana kalenda yao.

Kwanza, Waitaliano hawakuja kwa ajili ya jua pekee. Katika miaka ya 1960 walianza kurusha roketi kutoka jukwaa la San Marco lililosimama baharini, mkabala na Ngomeni, na urushaji wa kwanza kutoka hapo ulifanyika mwaka wa 1967. Tarehe 12 Desemba 1970 ilirushwa hapo setilaiti ya Marekani ya kuchunguza miali ya eksirei angani, na kwa kuwa ilikuwa siku ya kuadhimisha uhuru wetu, ikapewa jina Uhuru. Wahandisi na mafundi walikuja, jamaa zao wakafuata, kisha wakafuata wenye hoteli na wenye mikahawa. Kwa hiyo mtu wa Malindi anaposikia Desemba, kuna wazee watakaokukumbusha roketi kabla ya kukutajia Krismasi.

Meza zao nilizihudumia kwa miaka mingi. Mkesha wa tarehe 24 ni wa samaki, bila nyama, na kwa sisi wa jikoni ulikuwa usiku mwepesi kwa sababu hakukuwa na wasiwasi wa kuchanganya vyombo: kamba, ngisi, changu wa kuchoma. Tarehe 25 ndipo nyama huja, pamoja na ile keki yao ndefu yenye zabibu, ambayo iliwasili kwa ndege ikiwa ndani ya sanduku la karatasi na ambayo sisi tuliiona kama mkate uliokauka. Usiku wa kuamkia mwaka mpya hula kamande, wakiamini kila punje ni sarafu ya mwaka unaoingia, pamoja na soseji nene ya nguruwe. Kamande tuliwapakulia sisi, na soseji waliipakua wenzetu Wagiriama. Wala sikukuu haiishi tarehe 1. Kwao huisha tarehe 6 Januari, siku ya Tokeo la Bwana, ambapo bibi kizee mwenye ufagio husemekana kuwaletea watoto peremende.

Sasa nije kwa hoja ya Mwalimu kuhusu zamu. Krismasi ya 1999 ilituangukia katikati ya Ramadhani, na ile ya mwaka 2000 ikaja mwishoni kabisa mwa mwezi, Idd ikiwa mlangoni. Hapo mpango wa kubadilishana zamu ulivunjika, kwa sababu sote tulikuwa na ibada kwa wakati mmoja. Wakristo walitaka mkesha wao na sisi tulitaka futari yetu. Jua la Desemba kwetu huzama kati ya saa kumi na mbili na robo na saa kumi na mbili na nusu, wakati ambapo wageni huanza kuteremka kwa ajili ya kinywaji cha kwanza. Kulikuwa na mzee mmoja Mtaliano aliyeishi Malindi miaka mingi, ambaye adhana ilipokaribia aliinua mkono wake mmoja kwenye meza yake, na wenzake wote wakaacha kuita wahudumu. Tulikwenda nyuma ya jikoni, tukafungua kwa tende na maji, tukasali, tukarudi ndani ya robo saa. Watalii waliofika juzi walilalamika kwamba huduma ilikuwa ya polepole. Yule mzee hakuwaeleza chochote, alibaki ameinua mkono.

Kwa wenye kuhesabu, mnamo 2030 Ramadhani itaanza Januari na kurejea tena mwishoni mwa Desemba, kwa hiyo hoteli na majumba ya wageni yaanze kufikiria kuanzia sasa.

Mhasibu wa Ngara

Nitasema machache kwa wageni wanaousoma uzi huu wakidhani kwamba kuhamia ufuoni ni kufunga sanduku tu. Kibali kinachowafaa wastaafu wengi ni kile cha daraja la K, ambacho humtaka mwombaji awe amevuka miaka 35 na awe na mapato ya uhakika yasiyopungua dola 24,000 za Marekani kwa mwaka, yasiyotokana na kuajiriwa hapa Kenya. Aliye na kibali hicho asidhani kwamba anaweza kufungua mkahawa ufuoni kwa ajili ya msimu wa Krismasi. Kufanya biashara kuna kibali chake. Kuhusu ardhi, Kifungu cha 65 cha Katiba ya 2010 kinamruhusu asiye raia kumiliki kwa kukodisha tu, na kwa muda usiozidi miaka 99. Anayekuahidi zaidi ya hapo anakuuzia hewa. Desemba ndio mwezi ambao nimewaona wateja wengi wakitia saini karatasi wasizozisoma, kwa sababu bahari ni nzuri na wakili yuko likizoni.

Dada wa Rongai

Mwalimu, mimi ni mmoja wa hao "sisi" unaotulaumu. Tumekodi nyumba yenye kidimbwi cha kuogelea huko Diani kuanzia tarehe 28 Desemba, watu kumi, na mwenye nyumba ametutumia ukurasa mzima wa masharti: muziki uzimwe saa nne usiku, fataki marufuku, taa za upande wa bahari zizimwe. Jirani ni mzungu na mwaka jana alilalamika. Tumefanya kazi mwaka mzima, tumelipa, na huko ni Kenya. Mtu atahamiaje kwenye ufuo wa starehe kisha ataka kimya cha kanisani?

Mwalimu wa South B (mwenye uzi)

Dada wa Rongai, sikulaumu, kwa maana nami nimewahi kukesha kwenye kidimbwi cha watu. Acha nikutenganishie mambo, kwa sababu sharti la taa na sharti la muziki hayalingani uzito. Kasa hupanda ufuoni usiku kutaga mayai, na watoto wao wakianguliwa huufuata mwangaza wakidhani ndio upeo wa bahari. Taa kali ya barazani huwapeleka kwenye bustani badala ya majini, na asubuhi huokotwa wakiwa wamekauka. Kwa hiyo taa zima, hata kama jirani ni Mkamba. Fataki nazo huwatia mbega na mbwa wazimu, na sioni ni raha gani inayopungua zikikosekana.

Muziki ni habari nyingine. Nilimuuliza bibi wangu ni nini hasa kilichomwudhi katika kundi la vijana wa Nairobi waliokodi nyumba ya jirani mwaka juzi. Nilitarajia aseme kelele. Akasema kwamba magari yao manne yaliziba lango lake kwa siku tano na hakuna hata mmoja wao aliyebisha hodi kumsalimu, ilhali yeye alikuwa amejifunza salamu za asubuhi, mchana na jioni kwa miaka mitatu kwa gharama kubwa. Ninajua ni kwa gharama kubwa kwa sababu mimi ndiye niliyelipwa. Kundi lililokuja mwaka uliofuata lilimtuma kijana mmoja na sahani ya mahamri na mbaazi, akamweleza kwamba wako watu wanane, wataondoka tarehe 2, na usiku wa tarehe 31 kutakuwa na muziki hadi saa nane. Bibi akala mahamri, akaziba masikio kwa pamba, na asubuhi ya mwaka mpya akawarudishia sahani ikiwa na keki. Sahani hairudi tupu. Hilo hakujifunza kwangu, alifunzwa na mpishi.

Kuna jambo jingine ambalo hulifikirii. Mwanafunzi wangu wa pili wa Diani, Mwingereza, hakai kabisa huko wakati wa msimu. Ifikapo tarehe 22 hupangisha nyumba yake kwa watu kama nyinyi, kwa bei inayolipa kodi yake ya miezi kadhaa, kisha hupanda treni kuja Nairobi, ambako wakati huo barabara huwa tupu. Hufungua siku yake ya Krismasi kwa kutembea msitu wa Karura akiwa amevaa sweta, jambo ambalo anasema ndilo zawadi kubwa kuliko zote, kisha hula chakula cha mchana kwangu kama sijasafiri. Yaani mnapishana naye Voi.

Kijana wa Umoja

Nimecheka hapo kwa Voi. Lakini sasa nieleze hao wanaobaki hufikaje, na sisi tusiokuwa na magari tufikeje?

Mwalimu wa South B (mwenye uzi)

Mimi hupanda treni Syokimau. Daraja la pili limekuwa shilingi 1,500 tangu Januari 2024, kutoka 1,000 za awali, na tiketi za kati ya tarehe 20 na 24 huwahiwa mapema mno, kwa hiyo keti na simu yako siku zinapofunguliwa. Ukishuka Miritini utapanda matatu hadi kivukoni Likoni, utavuka kwa feri kwa miguu bila malipo, kisha matatu nyingine hadi Ukunda. Wenye magari siku hizi wana barabara ya Dongo Kundu inayowaepusha na foleni ya feri, ingawa mimi bado ninaipenda feri, kwa sababu ndipo joto la Pwani hukupokea usoni na watu huanza kusalimiana upya.

Mwaka huu nimekwisha kupata tiketi ya tarehe 21. Bibi alipiga simu jana usiku kunieleza kwamba askari na mtunza bustani wataondoka tarehe 20, na kwamba mpishi amekwisha kuziandika siku zake za Idd ijayo kwenye kalenda ya jikoni kwa wino mwekundu, zikiwa tatu badala ya mbili, na yeye ameamua kutouliza. Kisha simu ikachukuliwa na mpishi mwenyewe. Alitaka soseji paketi tano, na mishumaa minane badala ya minne kwa sababu stima hazieleweki, akaniagiza niifunge kwa leso mbichi kabla ya kuingia kwenye treni na nisiiweke kwenye dirisha la upande wa jua. Nilimwambia kwamba mimi ni mwalimu, ninajua jua liko upande gani. "Haya, Mwalimu," akasema, "lakini mwaka jana ilifika imepinda."